Kupumzisha Tairi

Mkwe wangu ni daktari wa meno. Kutwa anainamia vinywa vya watu akiwaeleza kwamba jino haliozi ghafla, linalika kidogo kidogo huku mwenyewe akijifanya hasikii. Jioni anavua koti jeupe, anavaa koti jeusi la ngozi, na akili yote inabaki imening'inia kliniki kwenye lile jeupe.

Koti jeusi ni la pikipiki. Na nikisema pikipiki msifikirie hizi za kubebea abiria mitaani. Hii ni mnyama. Ina kioo mbele kama cha lori, ina redio, ina masanduku mawili ubavuni na la tatu nyuma, na kiti cha abiria kina mgongo na mikono kama cha kinyozi. Ikilala chini haiinuki bila wanaume watatu na kelele nyingi. Siku aliyoileta nilimuuliza kwa nini hakununua gari tu, maana uzito ni ule ule na bado unalowa mvua. Alicheka kicheko cha wakwe, macho chini.

Angekuwa anapanda peke yake ningenyamaza. Mtu mzima ana haki ya kuvunja shingo yake. Lakini kwenye kile kiti cha kinyozi anakaa binti yangu, na binti ninaye mmoja.

Jumapili moja nilikwenda kuwarudishia ngazi yao. Nikamkuta mkwe uani, amepiga magoti, anasugua chuma kwa kitambaa laini mpaka unaweza kujipaka wanja humo. Vyuma viling'aa. Chini ya vyuma kulikuwa na tairi, na tairi hakuna aliyezitazama.

Mimi nimesoma usafirishaji chuoni, nikapata diploma, na nimekula mshahara wangu wote kwenye kiwanda cha mikate, nikisimamia magari ya kusambaza. Mkono wangu ukiona tairi unakwenda wenyewe. Nikaishika ya nyuma.

"Shikamoo, mama," mkwe akasema, akainuka haraka.

"Marahaba. Hii umeinunua lini?"

"Hiyo? Juzi juzi tu, mama. Mpya kabisa."

"Mpya kabisa. Na mabega yake yamekwenda wapi?"

Katikati tairi ilikuwa bado na mifereji mizuri. Pembeni, huku na huku, imelika imekuwa kipara. Nikaenda ya mbele. Ukipitisha kiganja kwenda upande mmoja, laini; ukikirudisha, inakukwaruza kama msumeno. Kila jino la tairi limelika upande mmoja likabaki na ukingo upande wa pili. Hayo si mambo ya kuhitaji darubini.

"Tairi za siku hizi feki, mama," mkwe akasema. "Kila mtu kwenye chama chetu cha pikipiki analalamika."

"Feki inalika kote. Hii imelika pembeni. Inakwenda haina upepo wa kutosha, imebonyea, inakanyaga kwa mabega. Upepo unapima lini?"

Hapo binti yangu akatokea jikoni na mikono yenye povu. Anafundisha hesabu sekondari, na ana sauti ya kuwanyamazisha watoto wa watu.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua. Hebu niambie, mkikata kona ikoje?"

Akamtazama mumewe kwanza. Sikupenda ule mtazamo. "Inayumba kidogo," akasema. "Kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima."

"Ni uzito wa masanduku," mkwe akadakia. "Na upepo tunapima, mama, kila safari. Mwenyekiti mwenyewe anasimamia. Hatuondoki kituo cha mafuta bila kupumzisha tairi."

Nikamuuliza kupumzisha tairi ni nini, maana katika maisha yangu nimepumzisha madereva, nimepumzisha unga, tairi bado.

Akanieleza, na uso ukamng'aa kama anaeleza sala. Chama chao kinaitwa Fahari ya Lami. Kabla ya safari wanakutana, wanazunguka mji mzima kwa msafara ili watu wawaone, halafu wanaingia kituo cha mafuta. Wakati huo tairi zimepata moto, na upepo uliomo umepanda. Mwenyekiti, ambaye wanamwita Jenerali, anapuliza filimbi. Kila mmoja anachuchumaa na kupima. Kipimo kikionyesha upepo umezidi ile namba ya kitabu cha pikipiki, anautoa mpaka ufike pale pale. Halafu Jenerali anasema toeni na pauni mbili zaidi, tairi ipumzike, isiwe ngumu kama kisigino.

"Mnapima tairi ikiwa ya moto," nikasema.

"Ndiyo, mama. Ndipo unapoona ile ziada."

"Hakuna ziada! Ile namba ni ya tairi iliyolala usiku kucha, baridi. Ikipata moto lazima ipande, na waliotengeneza wanajua itapanda, wameshaihesabu. Nyinyi mnautoa upepo wenyewe mnaita ziada. Tairi ikipoa inabaki na njaa. Safari inayofuata, kwa sababu ina njaa, inapata moto zaidi, inapanda zaidi, mnaitoa tena. Magari yangu ya mikate yalipimwa alfajiri kabla hata moja halijasogea. Dereva aliyepima baada ya kutoka barabarani nilimrudisha kufagia."

"Jenerali ameendesha miaka mingi sana, mama," mkwe akasema kwa upole.

Huyo Jenerali hajawahi kuwa hata mgambo. Anauza mapazia. Na wengine wote wa chama ni hivyo hivyo: wakili mmoja ambaye wanamwita Chui, mwenye duka la vigae ambaye wanamwita Kontena, na huyu wangu, ambaye wamempa jina Radi. Radi! Mtu ambaye mende akiingia bafuni anamwita mke wake.

"Jumamosi tunakwenda mlimani," binti yangu akasema, akijifuta mikono kwenye kanga kwa hasira. "Tunalala huko. Wake wote wanakwenda, na mimi nimeingoja hii safari tangu likizo iliyopita. Tafadhali, mama, usiniharibie."

Barabara ya mlimani naijua. Magari yangu yalipita huko. Inapanda kwa kona, inashuka kwa kona, na upande mmoja ni ukuta wa mawe, wa pili ni hewa tupu. Pikipiki yenye uzito wa ng'ombe, watu wawili juu, masanduku matatu yamejaa, na tairi mbili zenye njaa.

"Mkwe," nikasema, "Jumamosi asubuhi, kabla hujawasha hiyo mashine, ijaze upepo ufike kwenye namba ya kitabu. Halafu usiuguse. Na hiyo ya mbele badilisha."

"Sawa, mama."

Mama yeyote mwenye mkwe anajua ile "sawa, mama". Inamaanisha nenda nyumbani.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Alikuwa anasikiliza mpira redioni, akaniambia niachane na ndoa za watu. Nikamwambia sizungumzii ndoa, nazungumzia mpira ulio chini ya ndoa. Akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi nilichukua kipimo changu, nikawasha gari langu dogo, nikaenda kituo cha mafuta. Sikuficha wala sikujificha. Niliegesha gari kivulini kando ya mashine ya upepo, nimevaa sketi yangu ya kazini na viatu vya kamba, nikangoja.

Walisikika kabla hawajaonekana. Waliingia wawili wawili, wanapunga mikono kwa mtu anayeosha vioo, ambaye hakupunga. Matumbo yamefungwa kwa vizibao vyenye nembo. Wake zao nyuma, wamekaa kwenye viti vya kinyozi, wameshika mifuko. Mkwe wangu aliingia karibu na mwisho. Nilimtazama kwenye kona ya kuingilia: pikipiki iliinama, ikasita, ikajirudi, ikainama tena. Binti yangu alikuwa amemshika kiuno kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, si kwa mapenzi.

Aliponiona kupitia kioo cha helmeti nilijua anasema nini hata bila kusikia.

Jenerali alishuka. Shingoni ana kipimo cha rangi ya dhahabu kimening'inia kwenye mnyororo kama nishani. Akapuliza filimbi.

"Fahari! Pumzisheni!"

Wanaume wazima wakachuchumaa kwa pamoja, magoti yanalia, na kila upande kukaanza sauti ya sss, sss, sss. Ungedhani tumeingia kwenye pango la nyoka. Upepo mzuri, safi, uliokuwa unawashikilia hawa watu barabarani, wanaumwaga chini na kuitana kwa furaha. "Mimi nimetoa nne!" "Mimi tano, Jenerali!" Wanashindana.

Nikaenda moja kwa moja.

"Mkwe, hujambo. Uliijaza asubuhi?"

Alikuwa ameshafungua kifuniko cha valvu ya nyuma. "Shikamoo, mama. Asubuhi tulichelewa kidogo..."

"Basi funga hicho kifuniko."

Jenerali akaja akitabasamu, mkono umetangulia. "Naona tuna mgeni! Huyu ndiye mama mkwe wa Radi?"

"Ndiye. Na wewe ndiye unayewatolea upepo."

"Mama yangu," akasema, na kwa umri angekuwa kaka yangu, "usiwe na wasiwasi. Nimesikia ulikuwa na magari ya mikate. Kazi nzuri, kazi ya heshima. Lakini hizi ni pikipiki, hazibebi mikate."

Kontena akacheka mpaka akashika tangi.

"Ni kweli," nikasema. "Mkate nisingeupakia kwenye hiyo yako. Hebu angalia tairi yako ya mbele, bwana. Inafanana na mkeka ulioliwa na panya. Umebadilisha ngapi mwaka huu?"

"Lami ya siku hizi ni kali."

"Tairi feki, lami kali. Kila kitu kina kosa isipokuwa hiyo filimbi."

Mke wa mtu fulani alikohoa ndani ya helmeti. Jenerali akaacha kutabasamu.

"Radi," akasema, hakunitazama tena. "Pumzisha tairi, tunaondoka. Au unaomba ruhusa kwanza?"

Mkwe wangu alikuwa amechuchumaa, kidole juu ya valvu, jasho linamtoka puani. Alimtazama Jenerali, akaitazama ile valvu. Mimi hakunitazama. Nikaona kidole kinakwenda.

"Mama," binti yangu akasema kwa sauti ya chini, ile ya darasani. "Nenda nyumbani. Mimi ni mtu mzima na huyu ni mume wangu."

"Najua. Nipe helmeti."

"Nini?"

"Nipe helmeti yako. Kama hii pikipiki ni salama, mkwe wangu atanipeleka mimi mlimani. Wewe njoo nyuma na gari langu, ufunguo huu hapa. Nimeanza kuzeeka, sijawahi kupanda. Nitakaa hapo, nitamshika kiuno, tutakata kona zote pamoja. Toa upepo, mkwe, tuondoke."

Nikapandisha sketi kidogo na kuweka mguu kwenye kikanyagio.

Sijui kama mmewahi kumwona mwanamume akikosa pa kuweka uso. Mkwe wangu tangu aoe hajawahi kukaa kochi moja na mimi. Nikimpa maji anapokea kwa mikono miwili. Sasa mama mkwe amesimama na mguu mmoja hewani, mbele ya chama kizima, anataka kumkumbatia kiuno mpaka mlimani. Aliruka nyuma kama kashikwa na umeme, kifuniko cha valvu kikamponyoka, kikabingirika mpaka miguuni kwa Kontena.

"Mama, hapana! Mama, tafadhali!"

"Kwa nini? Si salama?"

"Si hivyo, mama, ila..."

"Ila nini? Huyu wa nyuma ni mtoto wangu. Kama unaona aibu kunibeba mimi juu ya hizo tairi, ona na aibu kumbeba yeye."

Aliokota kifuniko, akaifunga valvu. Vidole vyake, ambavyo vinang'oa magego bila kutetemeka, vilihangaika na kile kifuniko kama vya mtoto anayevaa kiatu. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba wao watangoja kidogo, watawafuata.

"Anayebaki amebaki," Jenerali akasema. Akapuliza filimbi, nao wakaondoka wawili wawili, tairi zao zimelegea, honi zinalia. Chui alipiga kelele, "Radi imezimwa na mvua!" na wengine wakacheka barabara nzima. Niliwatazama wale wake, migongo yao imenyooka kwenye viti, wanaondoka.

Tukaisukuma ile pikipiki kivulini. Nikamwambia hakuna kupima mpaka ipoe kabisa. Binti yangu alikaa kwenye ukingo wa sementi, mbali nami, helmeti mapajani.

"Umemdhalilisha," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote."

"Hapakuwa na mahali pengine. Uani nilimwambia kwa adabu, akaniambia sawa, mama."

Tulikaa mpaka kivuli kikatuhama na tukahama nacho. Mkwe alikwenda kununua maji, akanipa yangu kwa mikono miwili, akarudi kusimama karibu na mashine yake kama mgonjwa wake amelala pale.

Tairi ilipokuwa baridi kwenye kiganja, nilimpa yeye kipimo. Sikutaka isemekane nimekibonyeza mimi. Kitabu chao kinasema pauni arobaini na mbili nyuma ukiwa na abiria na mizigo. Alipima, akakitoa kipimo, akapima tena. Kipimo kilisoma thelathini na tatu. Ya mbele ilikuwa mbaya vile vile.

Nilidhani atashtuka. Nilishakaa tayari kwa mshtuko wake, hata nilishaandaa neno. Hakushtuka. Alikubali kwa kichwa, polepole.

"Aliniambia," akasema.

"Nani?"

"Fundi wa tairi. Nilipobadilisha ya nyuma. Alisema ile ya zamani imekufa kwa kukosa upepo, akanionyesha mabega, kama ulivyonionyesha wewe, mama. Akasema nipime asubuhi."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilipima siku moja. Nikajaza. Tulipofika kituoni Jenerali akapima kwenye ya kwangu, akasema Radi amekuja na mawe badala ya tairi. Walicheka. Basi..." Akainua mabega. "Ni kupoteza upepo kidogo tu, nikaona haina haja ya kubishana."

Hapo mimi ndiye niliyeshtuka. Uani nilimwona mjinga. Wajinga nimewafundisha wengi, na baadhi yao wakawa madereva wazuri. Huyu alijua. Alijua yote, akampandisha mtoto wangu nyuma, akainamisha hiyo mashine kwenye kona, ili muuza mapazia asimcheke.

Nilifungua mdomo. Binti yangu akainua kiganja bila kunitazama, nami nikaufunga, jambo ambalo mume wangu angelipia tiketi kuliona.

"Nilikuuliza," akamwambia mumewe. Alikuwa amesimama. "Nilikuuliza kwa nini inayumba. Siku ile ya mvua, tuliporudi, nilikuambia naogopa. Ulisema nini?"

Mkwe akalamba midomo.

"Ulisema nini?"

"Nilisema umekaa vibaya."

"Ulisema nimekaa vibaya. Nikajifunza kukaa. Nilikuwa nakaa kwenye kochi nyumbani wewe ukiwa kazini, najizoeza kuinama na kona. Mimi! Na wewe ulikuwa unajua ni upepo."

"Samahani, mke wangu. Ngoja nijaze sasa hivi, tujaze zote mbili, twende polepole, tutawakuta wamekaa kula..."

"Upepo haurudishi mpira," nikasema. Sikuweza kujizuia, lilikuwa jambo la kazi. "Ya mbele imeshaharibika. Ukiijaza leo itavuma na kutetemeka vile vile. Mlimani hapana."

"Mama," binti yangu akasema, "nimesema nyamaza."

Hakuwa amesema, lakini nilinyamaza.

Aliiweka helmeti juu ya kile kiti cha kinyozi, akaifunga kamba yake kwenye mkono wa kiti, vizuri, kama anavyofunga mizigo. Akafungua sanduku la nyuma, akatoa begi lake, akaacha la mumewe.

"Jaza," akamwambia. "Nenda kwa fundi wako, yule aliyekuambia ukweli, ununue nyingine. Halafu endesha mwezi mzima peke yako. Tairi nitakuwa nazishika mwenyewe, kila asubuhi kabla hujaiwasha. Siku nikiridhika nitapanda. Nisiporidhika, uza, tununue kitu chenye milango."

"Na chama?"

Alimtazama kama anavyotazama jibu la mwanafunzi aliyejumlisha tarehe na hesabu.

"Watumie salamu," akasema.

Mkwe akavuta mpira wa mashine ya upepo, akachuchumaa. Safari hii ile sauti ya sss ilikuwa inaingia. Nilitaka kumwambia ameushika vibaya, unavuja pembeni ya valvu, lakini alijirekebisha mwenyewe, nami nikaenda kwenye gari.

Binti yangu akaingia, akabamiza mlango.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Sijasema wewe ulifanya vizuri."

"Sijakuangalia. Funga mkanda."

"Ungepanda kweli?"

"Ningepanda."

"Na sketi hiyo?"

"Na sketi hii."

Akageukia dirishani. Mumewe alikuwa ametangulia kutoka, anakwenda polepole upande wa mafundi, mgongo umenyooka, taa ya kukata kona inawaka muda mrefu kabla ya kona yenyewe. Nyuma yake kiti kilikuwa kitupu na helmeti imefungwa juu yake.

"Mfuate," binti yangu akasema. "Lakini usimsogelee sana. Ile ya mbele bado ni mbovu."